Karani Aliandika Mbiombio, Wewe Soma kwa Kutulia: Vidokezo 12 vya Kusoma Hati za Ukoo za Kiitaliano

Umemtafuta babu wa babu yako mpaka umefika Italia, na sasa uko naye uso kwa uso: picha ya ukurasa wa daftari la mwaka 1843, madoa ya wino huku, mistari ya kukwaruza kule. Umeikuza picha, umeigeuza, umeisogelea mpaka pua imegusa kioo, na hakuna neno lililokubali kujitambulisha. Usizime kompyuta! Hati hizi zina fadhila moja kubwa sana: zinarudia maneno yale yale. Karani wa kijiji kimoja cha Calabria, kusini mwa Italia, aliandika sentensi moja asubuhi, akairudia mchana, akairudia kesho yake, mwaka hadi mwaka. Ukiijua sentensi yake umelisoma daftari lake zima. Huhitaji kwenda kusomea Kiitaliano miaka mitatu. Unahitaji maneno thelathini hivi na jioni moja yenye chai ya kutosha.

Basi iwe wewe ni mjukuu wa fundi Mwitaliano aliyekuja Ngomeni, pwani ya Kenya, enzi za roketi za San Marco, au mtoto wa Malindi mwenye nyanya kule Italia, au umeolewa Torino na unataka wanao wazijue pande zao zote mbili, karibu. Tuanze.

1. Kijiji kwanza, mtu baadaye

Hakuna daftari moja la zamani la Italia nzima. Kila *comune*, yaani mji au kijiji chenye meya wake, kiliandika watu wake chenyewe. Kwa hiyo jina bila kijiji halikufikishi mbali. Na wazee wakikwambia "sisi asili yetu Napoli", waulize tena kwa upole, maana huenda ni mkoa, au ni bandari tu aliyopandia meli. Pekua hati ya ndoa aliyofunga ughaibuni, orodha za abiria, karatasi za jeshi, hata jiwe la kaburi.

Umekwama kwenye mkoa? Kwa mwanamume aliyezaliwa baada ya Italia kuungana mwaka 1861, tafuta *liste di leva*, orodha za vijana waliofikia umri wa kuandikishwa jeshini. Zilipangwa kwa mwaka wa kuzaliwa, hivyo ukiwa na mwaka na mkoa tu unaweza kumkuta humo, na kijiji chake na wazazi wake wakiwa hapo hapo. Daftari za jeshi hukuongezea zawadi: urefu wake, rangi ya nywele, rangi ya macho. Mtu ambaye hakuwahi kupigwa picha anaanza kuwa na sura!

Kisha kumbuka kwamba miji nayo ilibadili majina. Girgenti ya kwenye hati ndiyo Agrigento ya leo, Castrogiovanni ndiyo Enna, na Terranova ya Sicilia ndiyo Gela. Mabadiliko hayo ni ya miaka ya 1920. Ukilitafuta neno "Agrigento" ndani ya daftari la 1850, utatafuta mpaka kuche.

2. Uliza kalamu ilikuwa mkononi mwa nani

Mapadri ndio wa kwanza. Mtaguso wa Trento uliwaagiza mwaka 1563 kutunza daftari za ubatizo na ndoa, na za vifo zikaagizwa mwaka 1614. Halafu akaja Napoleon na makarani wake wa serikali: Napoli na kusini yote ya bara kuanzia 1809, Sicilia 1820. Napoleon alipoanguka, kusini waliendelea na mtindo wake, lakini sehemu nyingi za kati na kaskazini zilirudisha kazi kanisani. Serikali ya Italia iliyoungana ilianza daftari zake mwaka 1866, na maeneo ya Veneto na Roma, yaliyochelewa kuingia, yakafuata mwaka 1871.

Maana yake kwako? Mtu wa Calabria aliyezaliwa 1830 mtafute kwanza kwenye daftari la serikali. Mtu wa Veneto wa mwaka huo huo, bisha hodi parokiani.

Habari njema zaidi ni kwamba daftari za serikali ziliandikwa nakala mbili. Moja ilibaki kijijini, ya pili ilipelekwa mahakamani na baadaye ikahamia Archivio di Stato, hifadhi ya nyaraka ya mkoa. Moto au panya wakila moja, huenda ya pili ipo. Na picha za hizo za hifadhini zinazidi kupandishwa kwenye tovuti ya serikali iitwayo Antenati, bure kabisa, saa yoyote, hata ukiwa umelala kitandani.

3. Usisome hati yote!

Ndiyo, umesoma sawasawa. Nusu ya hati ni maneno ya kiserikali ambayo hayamhusu babu yako. Chukua hati ya kuzaliwa ya kusini, ya mtindo wa Napoleon. Inaanza na mwaka, siku, mwezi na saa. Inafuata sifa ya meya mistari miwili au mitatu: ruka. Simama ukiona *è comparso* (au *è comparsa*), "amefika mbele yetu". Neno linalofuata ni jina la mtu aliyemleta mtoto, mara nyingi baba, halafu umri wake, kazi yake na anakoishi. Ukienda chini utakutana na *un maschio* au *una femmina*, mtoto wa kiume au wa kike. Kisha *nato da* au *nata da*: hapo mama anatajwa. Mwishoni kabisa tafuta *il nome di*. Neno linalofuata ndilo jina alilopewa mtoto.

Vituo vinne, na hati imekupa familia nzima. Chapa ukurasa mmoja kwenye karatasi, vipigie mstari mwekundu vituo hivyo, ubandike ukutani. Kwenye ukurasa wa tano utaanza kuvikamata bila kuangalia ukutani.

Aliyemleta mtoto akiwa *levatrice*, huyo ni mkunga. Alimleta kwa sababu baba alikuwa safarini, mgonjwa, amefariki au hakutajwa. Soma hati ya namna hiyo polepole zaidi, kwani kuna habari ya familia iliyojificha.

4. Namba ziko kwa maneno, kwa hiyo jifunze maneno

Makarani wa Italia hawakupenda tarakimu kwenye hati. Mwaka 1872 utauona umeandikwa *mille ottocento settantadue*, pengine umekatwa katikati na mwisho wa mstari. Usihangaike: mwaka upo kwenye jalada la daftari. Kazi yako ni umri na siku.

Wakorofi ni ndugu wawili, *sei* (sita) na *sette* (saba), pamoja na wakubwa wao *sessanta* (sitini) na *settanta* (sabini). Angalia katikati ya neno: kama kuna vikato viwili vilivyopita juu ya mstari, hizo ni t mbili, basi ni sabini. Hila hiyo peke yake itakuokoa mara nyingi.

Ila umri wa watu wazima usiuweke moyoni. Anayefariki akiwa na "miaka themanini" huenda alikuwa na sabini na sita, kwani jirani aliyetoa taarifa alikadiria tu. Hati ya kuzaliwa ikipingana na ya kifo, iamini ya kuzaliwa.

5. 7bre si mwezi wa saba!

Hiki ni kidokezo kifupi chenye thamani ya dhahabu. Ukiona *7bre* ni Septemba, *8bre* ni Oktoba, *9bre* ni Novemba, na *10bre* au *Xbre* ni Desemba. Ni ufupisho wa *settembre*, *ottobre*, *novembre* na *dicembre*, unaotokana na saba, nane, tisa na kumi za Kilatini, enzi ambazo mwaka wa Kirumi ulianza Machi. Watu wengi wamewahamishia mababu zao Julai kwa kosa hili, kisha wakashangaa mtoto kubatizwa miezi miwili kabla ya kuzaliwa.

Kuna mitego mingine miwili ya kalenda. Firenze walianza mwaka mpya tarehe 25 Machi mpaka mwaka 1749, na Venezia tarehe 1 Machi mpaka jamhuri yao ilipoanguka mwaka 1797. Hivyo Februari 1740 ya padri wa Firenze, kwa hesabu yetu, ni Februari 1741. Na hati ya Piemonte ya mwanzoni mwa miaka ya 1800 ikikuletea mwezi uitwao *piovoso* au *germile*, hujakosea kusoma. Hiyo ni kalenda ya Mapinduzi ya Ufaransa, iliyofutwa mwanzoni mwa 1806. Mtandaoni kuna vikokotoo vya kuibadilisha kwa sekunde moja.

6. Saa za Kiitaliano? Wewe unazijua tayari

Hapa ndipo msomaji wa Kiswahili anawapita watafiti wengi wa Ulaya na Marekani, na nafurahi sana kukuletea habari hii.

Katika daftari nyingi za kanisa, na katika hati za serikali za kusini za nusu ya kwanza ya karne ya 19, saa hazikuhesabiwa kuanzia usiku wa manane. Zilihesabiwa kuanzia jua linapozama, moja mpaka ishirini na nne. Mtafiti wa London akisoma *ore due di notte* anaandika saa nane za usiku, mtoto kazaliwa wakati wa giza nene. Wewe soma kama unavyosoma saa ya mkononi mwako: saa mbili usiku, wakati watu wanakula. Umeshapata!

Na namba zikizidi kumi na mbili, toa kumi na mbili, ubaki na saa ya mchana. *Ore quindici* ni kumi na tano. Toa kumi na mbili, ni saa tatu asubuhi. *Ore ventidue* ni saa kumi jioni. Jaribu hesabu hii kwenye hati yenyewe uone inavyoleta maana: meya gani wa kijijini angefungua ofisi saa nne usiku kuandikisha watoto? Lakini saa kumi jioni, baba akiwa amerudi kutoka shambani na mtoto amefungwa kwenye nguo safi, hilo linaeleweka.

Ni makadirio, kwa sababu jua la Italia halina nidhamu kama letu la ikweta. Kiangazi linachelewa kuzama na majira ya baridi linawahi, kwa hiyo acha nafasi ya saa moja au mbili. Na kwa kuwa siku ilihesabiwa kuanzia magharibi, tarehe ya kuzaliwa na ya ubatizo zinaweza kupishana kwa siku moja pale mtoto alipozaliwa usiku. Mtu wa pwani anayesema "usiku wa kuamkia Ijumaa" hatapata shida kuelewa.

Alama ya tahadhari: ukikuta *antimeridiane* (kabla ya adhuhuri) au *pomeridiane* (baada ya adhuhuri), hiyo ni saa ya kisasa ya Ulaya. Hapo fanya ubadilishaji wa kawaida: *ore dieci pomeridiane* ni saa nne usiku.

7. Herufi mbili zinazobeba msiba

*Di* na *fu*. Vineno vidogo hivi ndivyo ninavyovipenda kuliko vyote kwenye hati za Italia. *Giuseppe di Antonio* ni Giuseppe mwana wa Antonio, na Antonio yu hai. *Giuseppe fu Antonio* ni Giuseppe mwana wa marehemu Antonio. Mapadri walioandika Kilatini walitumia *quondam*, mara nyingi kwa kuifupisha *qm*.

Sasa tumia akili kidogo. Kwenye ndoa ya mwaka 1838 imeandikwa *di Antonio*. Kwenye hati ya kuzaliwa ya mtoto wa kwanza mwaka 1841 imeandikwa *fu Antonio*. Basi Antonio alifariki kati ya tarehe hizo mbili. Badala ya kupekua daftari za vifo za miaka hamsini, unapekua za miaka mitatu, na kabla ya kulala umeshampata. Ndiyo maana kila hati unayoisoma uandike *di* au *fu* kwenye daftari lako, hata kama siku hiyo haikuhusu.

Na akina mama? Furahi: hati za Italia humwandika mwanamke kwa jina la ukoo wa kwao maisha yake yote, mpaka kwenye hati ya kifo. Tafuta *moglie di* (mke wa) au *vedova di* (mjane wa) ujue aliolewa na nani, kisha jina lake mwenyewe likupeleke kwa wazazi wake. Ukoo wa kikeni haupotei.

8. Tengeneza alfabeti ya karani wako

Kila karani alikuwa na mkono wake, na alfabeti za kwenye vitabu hazitakufaa kama alfabeti ya mtu huyu mmoja. Njia ni hii: tafuta maneno unayojua lazima yapo. Jina la kijiji lipo. *Sindaco* (meya) lipo. Jina la mwezi lipo. Toka humo ukate herufi moja moja: hivi ndivyo anavyoandika S kubwa, hivi ndivyo anavyofunga c. Ukikutana na jina la ukoo lisilosomeka, lilinganishe na herufi ulizokusanya. Kama bado, fungua kurasa kumi mbele au nyuma. Mkono ni ule ule, na huenda siku hiyo alikuwa na kalamu nzuri zaidi. Watia saini chini ya hati nao ni msaada, kwani mtu huandika jina lake mwenyewe kwa uangalifu. Wengi hawakujua kuandika, na hati itasema hivyo, kwa hiyo saini ya baba ikiwepo ni jambo la kujivunia.

Herufi za kuangalia kwa jicho la ziada:

S ndefu, inayosimama kama f iliyokosa mkato. *Rosso* inaweza kuonekana kama *Rofso*. Ukiona neno lenye f mahali pasipostahili, weka s usome tena.

J inayokaa mahali pa i: *Gennajo*, *Febbrajo*. Ni Januari na Februari zile zile.

Vifupisho vyenye herufi ndogo iliyopanda juu: *Gius.e* ni Giuseppe, *Ant.o* ni Antonio, *Dom.co* ni Domenico, *M.a* ni Maria, *Gio.* ni Giovanni, na *Gio. Batta* ni Giovanni Battista. Wino ulikuwa ghali na mkono ulichoka!

Mashine nazo zipo. Transkribus ni programu ya kusoma miandiko ya kale, na inaweza kukupa rasimu ya ukurasa. Ichukue kama msaidizi, lakini usikubali jina la ukoo ambalo macho yako hayajalithibitisha. Pasiposomeka weka nukta tatu uendelee; nukta utazijaza kesho, ila jina la kubuni likiingia kwenye mti wa ukoo huota mizizi.

9. Kilatini cha paroko hakina makali

Parokiani utakutana na Kilatini, na Kilatini hubadilisha mikia ya majina. *Petrus*, *Petri*, *Petrum*: ni Pietro huyo huyo, anayetenda, anayemiliki, anayetendwa. Usihesabu watu watatu. Angalia shina la jina uachane na mkia.

Majina machache hujificha vizuri kuliko mengine. *Aloysius* ni Luigi, *Iacobus* ni Giacomo, *Hieronymus* ni Girolamo, *Blasius* ni Biagio, *Caietanus* ni Gaetano. Ongeza *filius* (mwana), *filia* (binti), *uxor* (mke), *natus* (amezaliwa), *patrini* (wasimamizi wa ubatizo), na unaweza kusoma ubatizo wa mwaka 1690 kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kweli kabisa.

10. Akina Giuseppe saba, babu mmoja

Umepata Giuseppe. Hongera. Halafu umepata Giuseppe mwingine, jina la ukoo lile lile, kijiji kile kile, wamepishana mwaka mmoja. Pole, ila kuna sababu na sababu hiyo itakusaidia. Kwa desturi, hasa kusini, mtoto wa kwanza wa kiume alipewa jina la baba wa baba, wa pili jina la baba wa mama. Msichana wa kwanza mama wa baba, wa pili mama wa mama. Msomaji Mkikuyu hapa anatabasamu, kwa maana mpangilio ni huo huo wa kwao. Basi mzee Giuseppe mwenye wana watano wa kiume angeweza kuwa na wajukuu watano wenye jina lake, wote binamu.

Kuwatenganisha, usitegemee jina la baba peke yake. Chukua baba na mama kwa pamoja. Kisha igeuze desturi iwe taa yako: ukijua wana wawili wa kwanza waliitwa Vito na Carmine, anza kumtafuta baba wa baba aitwaye Vito. Si sheria ya chuma, ila ni mahali pazuri pa kuanzia. Na ukikuta wazazi wale wale wana Vito wa 1831 na Vito wa 1834, tafuta kifo cha wa kwanza katikati ya miaka hiyo. Jina la mtoto aliyefariki lilipewa mdogo wake.

Angalia pia neno *detto* au *detta*, "aitwaye", linalotangulia jina la utani la familia. Kule Chioggia, karibu na Venezia, akina Boscolo na akina Tiozzo ni wengi mno hata majina ya utani yakaingizwa kwenye hati rasmi. Usiyadharau. Ndiyo yanayotenga tawi moja na jingine.

11. Omba faili la arusi, si hati ya ndoa tu

Kama una nafasi ya kufanya jambo moja tu wikendi hii, fanya hili.

Waliotaka kuoana chini ya sheria za mtindo wa Napoleon walitakiwa kupeleka karatasi: uthibitisho wa kuzaliwa wa bwana, uthibitisho wa kuzaliwa wa bibi, tangazo la ndoa, na idhini ya wazazi. Je, baba amefariki? Leta uthibitisho wa kifo chake. Na kama baba hayupo, mwenye sauti ni babu; babu naye akiwa amefariki, leta na cha babu. Karatasi zote hizo zilifungwa pamoja, na zinaitwa *processetti* au *allegati*.

Unaona zinakupeleka wapi? Ndoa ya mwaka 1820 inaweza kukupa ubatizo wa miaka ya 1790, ulionakiliwa na paroko kutoka daftari lake, na kifo cha babu aliyezaliwa katikati ya karne ya 18. Unavuka kutoka serikalini mpaka kanisani bila kupanda ndege wala kumbembeleza padri yeyote. Na ikiwa daftari la parokia lenyewe limeshapotea, nakala iliyomo kwenye faili huenda ndiyo pekee iliyobaki duniani. Kwenye tovuti ya Antenati angalia orodha ya kijiji chako: pale palipoandikwa *Matrimoni, processetti* au *Matrimoni, allegati*, ingia. Kila karatasi ina namba inayolingana na namba ya ndoa, kwa hiyo tafuta ndoa kwanza, ichukue namba yake, kisha uingie kwenye faili.

Usisahau kutazama pambizo za hati za kuzaliwa pia. Makarani wa baadaye waliandika humo ndoa ya mtoto yule na hata kifo chake, miaka mingi baada ya hati kufungwa. Ni mistari miwili tu, lakini inaweza kukuonyesha mji aliohamia.

12. Ukimkuta mtoto wa gurudumu, usigeuze ukurasa

Siku moja utakuta *genitori ignoti*, wazazi hawajulikani, au neno *esposto* au *proietto* mbele ya jina. Huyu ni mtoto aliyeachwa, mara nyingi kwenye *ruota*, gurudumu la mbao lililojengwa ukutani: mzazi anaweka mtoto kwa nje, analizungusha, na mtu wa ndani anampokea bila kumwona aliyemleta. Majina ya ukoo kama Esposito wa Napoli, Proietti wa Roma na Innocenti wa Firenze yana asili hiyo, ingawa mwenye jina hilo leo huenda yuko mbali vizazi vingi na mtoto yule wa kwanza.

Wengine hufika hapa wakaona haya au wakakata tamaa. Tafadhali, usifanye lolote kati ya hayo. Hati za watoto hawa ni miongoni mwa zilizoandikwa kwa uangalifu mkubwa kuliko zote. Karani alieleza saa aliyookotwa, kitambaa alichofungwa na rangi yake, na alama yoyote aliyoachiwa, kwa sababu huenda mama angerudi kumdai. Kwenye hospitali ya Innocenti ya Firenze, iliyompokea mtoto wake wa kwanza mwaka 1445, bado zimetunzwa medali zilizokatwa nusu: nusu moja alibaki nayo mtoto, nusu nyingine aliondoka nayo mzazi.

Kwa hiyo, tafuta daftari la pembeni liitwalo *Nati, esposti* au *Diversi*, uisome hati yote, safari hii bila kuruka mstari. Kisha tafuta mwanamke aliyekabidhiwa kumnyonyesha, kwani mara nyingi jina na kijiji chake vimeandikwa, na huko ndiko alikokulia. Na kama mtoto alitambuliwa baadaye na mzazi wake, angalia pambizo. Ukihitaji nakala kutoka kijijini kwenyewe, iandikie ofisi ya *Stato Civile* ya comune kwa Kiitaliano kifupi, utaje jina, tarehe na namba ya hati, na uombe *copia integrale*, nakala kamili. Ukiomba *certificato* utaletewa muhtasari, na pambizo itakosekana.